Ng'ombe wa Shemeji na Safari ya Tumbo Langu

Tangu nirudi, kazi haifanyiki. Mtu anaingia kibandani kwangu hapa Kimandolu na suruali ya kupunguza, anaitupa mezani, anavuta benchi na kusema, "Fundi, hebu tuambie, ilikuwaje?" Kabla sijamaliza kumsimulia anaingia mwingine, na yule wa kwanza anaanza kumsimulia wa pili kwa niaba yangu, tena kwa makosa. Juzi nimesikia kwamba niliwekewa utumbo wa mbuzi. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Anayetaka habari asome hapa, kisha aniachie suruali na aseme anaihitaji lini.

Mambo ya rufaa, bima na mihuri nayaruka. Aliyewahi kuugua anayajua, na ambaye hajaugua hataniamini.

Kabla ya kuondoka

Kwa wasionijua, naitwa Elifasi, Mmeru wa Kikatiti, fundi cherehani. Mke wangu Naishiye ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu, upande ule mwingine wa mlima. Mtoto wetu wa kwanza ni Neema, kwa hiyo wengi mnaniita Baba Neema.

Ugonjwa wangu ulikuwa hivi: nikila, tumbo linauma. Sisemi kuuma kwa mtu aliyeshiba maharage. Chai ya baada ya chakula haijapoa, nami nimeshaanza kusokotwa kama nguo inayokamuliwa. Baada ya muda linaachia. Nisipokula, mimi ni mzima kabisa, naimba kwaya. Basi nikaanza kuogopa sahani.

Nikakonda. Fundi ana bahati moja, anaweza kuficha kukonda kwake. Nilikuwa napunguza suruali zangu kimyakimya, mpaka mifuko miwili ya nyuma ikakaribia kuwa mmoja. Mtaa nao ukawa na majibu yake: vidonda vya tumbo, minyoo, sukari, na ule ugonjwa mwingine ambao watu walikuwa wakinyamaza kuutaja nikikaribia. Vyote nilipima. Dawa za vidonda nilizomeza zingetosha kufungulia duka.

Lakini huku kwetu mtu aliyekonda ana tiba moja tu, naye ni kulishwa. Ukienda kusalimia unalishwa, ukienda kuhani unalishwa, na ukikataa unaulizwa tumekukosea nini. Kila aliyeniona alikuwa na bakuli mkononi. Mtori, makande, loshoro, ndizi za nyama. Nilikuwa nakimbizwa na upendo wa watu mchana kutwa.

Hapo ndipo nilipoushona mfuko. Lile koti langu la kijivu, upande wa ndani wa kushoto, nililiwekea mfuko mrefu unaoshuka mpaka kiunoni, na ndani yake bitana ya nailoni niliyoikata kwenye mwavuli mbovu. Nyama, ndizi, chapati, vyote vilikwenda huko. Mchuzi tu ndio ulionishinda. Kwenye harusi na misiba nilikuwa nasifia chakula kwa sauti kubwa kuliko wote, huku koti ndilo linaloshiba.

Kimandolu hadi Oldonyo Sambu

Naishiye alipoona napungua tu, alimwita kaka yake mkubwa, Lomayani. Lazima nieleze kuhusu Lomayani. Siku ya harusi yetu nilimpa mtamba, naye tangu siku hiyo hajawahi kuniita jina langu. Waarusha wakipeana ng'ombe huitana pakiteng', na jina hilo ni kubwa kuliko shemeji. Mimi naye tumeitana hivyo tangu ujana mpaka tumeota mvi.

Aliingia, akanitazama kuanzia shingoni kwenda chini, akazunguka nyuma, kama anavyofanya mnadani.

"Dada yangu, huyu hana ugonjwa," akasema. "Huyu amelishwa ndizi za Wameru mpaka damu imekuwa maji. Twende orpul."

Orpul, kwa asiyejua, ni wanaume kuingia porini na ng'ombe. Ng'ombe anachinjwa, watu wanakaa hukohuko wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi mpaka aishe. Wanawake hawaji, ugali hauji, wala hakuna pa kukimbilia. Kwa mgonjwa ndiyo hospitali yenyewe. Nilimtazama mke wangu anitetee, naye alikuwa ameshaanza kunikunjia shuka.

Tulipanda pikapu ya rafiki yake iliyobeba saruji. Barabara ile ni ya lami na safari si ndefu, lakini tulichelewa sana, kwa sababu kila kundi la ng'ombe lililokatiza barabara lilikuwa la mtu anayemfahamu Lomayani. Gari lilisimama. Walisalimiana kwao, supai, ipa. Waliulizana mvua, wakaulizana majani, wakaulizana habari za ng'ombe mmojammoja, na mwisho kabisa Lomayani alininyooshea fimbo na kusema, "Na huyu mgonjwa." Mwenzake akachungulia, akatikisa kichwa, akarudi kwenye habari za ng'ombe.

Ng'ombe wangu alikuwa dume jekundu, amenona. Alipochinjwa wazee walimtemea baraka, na baraka zile zote zilikuwa na jina langu. Lomayani alikata ubavu kwa sime, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Kula, pakiteng'. Huyu ni wako."

Nilitafuna kidogo, nikasifia. Nikageuka kuutazama mlima, mkono ukaingia kotini. Nikapewa ini, nikautazama mlima. Nikapewa nyama ya nundu, nikautazama tena, mpaka mzee mmoja akauliza kama Wameru wa Kikatiti hawauoni mlima kwao. Supu ya kiloriti, ile mizizi yao, haikuwa na pa kwenda, nikainywa.

Nilichosahau ni mbwa. Walikuwa wawili. Walikuja wakakaa upande wangu wa kushoto, wakalitazama kwapa langu kwa unyenyekevu ambao sijauona hata kanisani. Niliwafukuza, wakarudi. Mwisho yule mwekundu alivumilia akachoka, akalidaka koti kwa meno na kuvuta. Bitana ya mwavuli ikaachia. Mbavu, ini na nundu vikamwagika kwenye majani mbele ya wazee.

Kula ng'ombe uliyechinjiwa ni kupokea baraka ya waliomchinja. Sasa kumficha kwapani sijui kunaitwaje, nadhani hakuna aliyewahi kufanya hivyo ili kupewe jina. Lomayani aliokota ubavu mmoja, akapuliza mchanga.

"Elifasi," akasema.

Miaka yote ya ndoa, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Jina langu mwenyewe lilinichoma.

"Elifasi, ng'ombe wangu ana ubaya gani?"

Nilifungua mdomo nijibu, lakini ile supu ikawa imefika. Nilijikunja chini, paji la uso ardhini. Wazee walidhani natubu. Mmoja alisema msamaha upokelewe, kijana amejinyenyekeza. Mpaka walipoona natoka jasho na kutapika ndipo walipoelewa kwamba ni maumivu, wakanibeba kwa shuka mpaka barabarani.

Oldonyo Sambu hadi mjini

Lomayani alinisindikiza hadi hospitali, hakunisemesha njia nzima. Naishiye alitukuta pale. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa rika la Neema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, maumivu yanakuja kabla ya kula au baada?"

"Baada."

"Unaogopa chakula?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote waliniuliza kwa nini sili. Nilitazama sakafu nikasema ndiyo, naogopa. Naogopa hata harufu ya kitunguu jikoni kwangu.

Naishiye alikaa kitini kwa kishindo. "Kumbe! Mimi nilijua kuna mwanamke anakupikia Sombetini!" Akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Alikuwa amekaa na lile wazo peke yake muda wote huo huku akinipakulia. Niliona aibu kuliko porini.

Walinipiga picha kwa mashine kubwa, wakinitia dawa mshipani inayopita mwilini kama maji ya moto. Kisha yule binti alituchorea. Kuna mishipa mitatu inayopeleka damu kwenye mambo ya tumbo. Yangu miwili ilikuwa imeziba kabisa, wa tatu umebaki uzi. Utumbo ukipewa chakula unafanya kazi, ukifanya kazi unataka damu, na damu haifiki, basi unalia. Huo uzi nao ukiziba, utumbo utakufa na mwenyewe nitaufuata. Aliuliza kama navuta sigara. Naishiye alijibu kwa niaba yangu, kwa urefu.

"Itabidi wapasue, waunganishe mshipa mpya kupita pembeni ya palipoziba," akasema daktari. "Kama ile baipasi ya magari inayozunguka mji. Ila ni Dar es Salaam, na msichelewe."

Lomayani alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. "Kwa hiyo si ng'ombe?"

"Ng'ombe hana kosa, mzee wangu."

Kisha alinitazama mimi. "Ugonjwa nimeuelewa. Mfuko sijauelewa. Mdomo ulikuwa nao, ungeniambia."

Akaaga dada yake, akaondoka. Mimi hakuniaga.

Mjini hadi Dar es Salaam

Dada yangu anakaa Kikatiti, palepale barabarani. Basi halikuwa na mpango wa kusimama Kikatiti, ila dada alikuwa amesimama katikati ya lami, mkono mmoja juu na mwingine umekumbatia hotpoti. Dereva alifunga breki, akatukana, dada akamwambia shikamoo ingawa kamzidi umri, na hotpoti ikapitia dirishani. Mtori. Nilikuwa nimeshampigia simu na kumweleza ugonjwa wangu wote, mishipa, damu, kila kitu. "Ndiyo maana nimeuponda sana," akasema huku basi likiondoka.

Naishiye alikuwa amepata kiti cha mbele. Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, mwenyeji wa Muheza, bwana mnene mchangamfu, jina lake Seif. Aliitazama ile hotpoti mpaka Moshi.

"Mzee, hukaribishi?"

Nilimkaribisha kwa moyo wote. Alikula mtori, akala mayai ya kuchemsha aliyonifungashia Naishiye, akala na maandazi waliyonipa kanisani. Baada ya Same basi likakatika mkanda, tukashuka tukakaa chini ya miti ya miiba kumsubiri fundi aliyekuwa anakuja, yuko njiani, amefika hapo tu. Abiria wakafahamiana mpaka mmoja akaposa. Kila mtu alitoa alichonacho akagawa, na kila nilichopewa nilikigeuzia kwa Seif. Aliniombea dua. Alisema Wameru ni watu wakarimu, hajapata kuona.

Korogwe tuliposimama kula, alininunulia chipsi na kuku kulipa fadhila. Nikamwambia siwezi, naumwa tumbo, naenda kupasuliwa.

Paja la kuku lilisimama njiani kuelekea mdomoni. "Tumbo gani?"

"Hili hili. Nikila tu, linasokota."

"Na mimi nimekula bakuli lako!"

Nilimweleza kwamba ni mishipa, haiambukizi. Hakusikia. Kufika Segera alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na kwa chakula alichokula jasho hilo lilikuwa halali yake. Alimpigia mkewe akamwambia kwamba akifa, yule mbuzi wa mkia mfupi ni wa mama yake, mashahidi wapo. Alishuka Chalinze badala ya Dar, akitafuta duka la dawa. Sina namba yake. Kama anaishi, namwomba radhi.

Wodini

Dar es Salaam ni joto, na watu wake wanasalimia kwa maneno mengi matamu, kisha wanakuchoma sindano. Nesi alikuja akaniwekea kibao kitandani, akasema, "Baba, kuanzia sasa usile chochote mpaka operesheni."

Ndugu zangu, nilimshika mkono nikamshukuru. Wagonjwa wengine walinung'unika. Mimi nilikuwa nimepewa kwa amri ya serikali kile nilichokuwa nakiiba kwa koti.

Daktari wa upasuaji alikuja kunieleza. Angechukua mshipa kwenye paja langu, aushonee tumboni. Nilimuuliza uzi gani, akaniambia mwembamba kuliko unywele. Nilimuuliza kama anarudisha mshono nyuma mwanzoni na mwishoni ili usifumuke. Akacheka, akasema hilo hata yeye huliwaza akiwa nyumbani.

Mimi sikucheka sana. Niliogopa kufa, nasema wazi. Na jambo lililokuwa likinirudia si Mungu wala madeni ya vitambaa, ni lile jina, Elifasi, lilivyotoka kinywani mwa Lomayani. Nilimpigia simu. Alikuwa machungani, haipatikani. Nikapiga tena nikiwa kwenye kitanda cha magurudumu, mpaka nesi akaninyang'anya.

Nilipozinduka nilikuwa na mipira puani na mshono kutoka kifuani hadi chini ya kitovu. Nimeukagua. Umenyooka kuliko wangu.

Sasa ikaja habari ya upepo. Tumbo likipasuliwa utumbo hulala, na dalili ya kuamka ni kujamba. Bila hivyo hawakupi hata uji. Basi kila asubuhi binti wa watu, kajitanda vizuri, anapiga goti kidogo: "Shikamoo baba. Umejamba?"

Mimi mzee wa kanisa. "Marahaba mwanangu. Bado."

Anaandika. Naishiye anapokea taarifa, anaipeleka nyumbani kwa simu. Nyumbani wanaipeleka usharikani. Jumapili, nimekuja kuambiwa, mwinjilisti alisimama kwenye matangazo, akakohoa, akasema, "Mwenzetu Baba Neema upasuaji umekwenda vizuri, ila tunamwombea apate upepo." Watu wakadhani ni joto la Dar. Mama mmoja akasimama akauliza kwa nini asinunuliwe feni. Mwinjilisti akalazimika kufafanua mbele ya madhabahu, na watoto nao walikuwa hawajatoka.

Maombi yalijibiwa mchana, nesi akiwa anapita. Wodi nzima ilipiga makofi.

Dar es Salaam hadi Kimandolu

Na hapa ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Nilisikia njaa. Njaa yenyewe, ile ya utotoni, ya kunusa maharage ya jirani ukapotea njia. Nilikunywa uji nikasubiri kusokotwa, sikusokotwa. Daktari akaniambia, "Sasa nenda ukale unachopenda, kidogo kidogo, na sigara usiiguse." Katika maneno hayo yote Naishiye alisikia moja tu, kidogo.

Korogwe abiria wote walishuka kula. Mimi nililetewa ndizi mbivu moja, imekatwa nusu. Kikatiti dada alikuwa barabarani na hotpoti ile ile. Mate yalinijaa. "Huu wa wifi," akasema, akampa Naishiye, na mimi akanikabidhi chupa ya maji ya moto. "Tumeelewa sasa. Hatutakulazimisha tena."

Kimandolu mliniandalia ibada ya shukrani, nawashukuru. Kulikuwa na pilau, nyama choma, kachumbari. Mlikula vizuri, niliwahesabu kwa macho tonge kwa tonge. Mimi nilikaa meza kuu na bilauri ya uji wa lishe. Kila niliponyoosha mkono kwenye sinia, mtu mwenye upendo alilisogeza mbali. Mwinjilisti alimshukuru Mungu kwa upepo. Nilikuwa mgonjwa nikalishwa kwa nguvu, nimepona nafungishwa kwa nguvu, na hakuna mlipokosea nia. Lomayani hakuja.

Kimandolu hadi Oldonyo Sambu, mara ya pili

Nilivaa lile koti nikamwambia Naishiye twende kwa kaka yako. Safari hii ng'ombe walipokatiza barabara, nilishuka mimi kusalimia, nikauliza habari za majani.

Lomayani alikuwa nyuma ya nyumba na wazee wawili, wanachoma nyama. Mbwa wale wawili walikuwepo.

"Karibu, Elifasi," akasema. Akamwambia mkewe, "Mletee mgonjwa chai."

Jina lile tena. Nilivua koti, nikaligeuza ndani nje, nikamwekea mapajani. Mfuko ulikuwa vilevile, bitana ya mwavuli imechanika pale mbwa alipovuta. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu wodini, yakanitoka vibaya.

"Niliogopa ng'ombe wako ataniumiza, na niliogopa zaidi kukuambia. Mfuko huo hapo. Ukate mwenyewe."

Akachomoa sime, akaingiza ncha kwenye mshono wangu, akaufumua kutoka juu hadi chini, taratibu, bila kuharibu kitambaa. Mfuko ukadondoka. Akawatupia mbwa, wakaunusa na kuuacha.

Kisha akakata ubavu. Naishiye akawahi, "Kaka, daktari alisema kidogo." Akaukata nusu. Akaninyooshea kwa mikono miwili, bila neno.

Nilikula. Sikuutazama mlima, nilimtazama yeye. Nilitafuna nikameza, nikamwonyesha mdomo mtupu kama mtoto aliyemeza dawa. Halafu chai ikawekwa mbele yangu, na sote tukaanza kuitazama. Naishiye alikuwa ameshawaeleza, kabla haijapoa ndipo tumbo huanza. Wazee waliacha kutafuna. Mbwa walikaa. Naishiye alishika ncha ya shati langu. Mvuke ukapungua, ukaisha, chai ikaota utando juu.

"Vipi?" akauliza Lomayani.

Nilijisikiliza. Nilikuwa nalia na sikuwa nimejua. "Kimya," nikasema. "Kimya kabisa."

Alirudi motoni, akachagua, akakata ubavu mwingine, mzima, wenye mafuta. Naishiye alifungua mdomo akaufunga.

"Kula, pakiteng'," akasema.